Kingo za Kiwambo na Kina cha Picha: Uhakiki wa Filamu ya Bwana Devil (1952) kutoka Benchi la Kibanda Umiza katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna umbo la kiwambo linavyotawala tajiriba ya mtazamaji wa picha za stirioskopia, yaani picha mbili zinazopelekwa kila moja kwenye jicho lake ili mtazamaji aone kina. Matini ya msingi ni filamu ya Bwana Devil iliyoongozwa na Arch Oboler mwaka 1952, ambayo kisa chake ni simba wala watu wa Tsavo. Filamu hiyo inapimwa kutoka kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video unaojulikana sana katika miji ya wachimbaji kama Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola. Uhakiki unaongozwa na nadharia ya upokezi. Hoja kuu ni kwamba kina hakimo ndani ya picha peke yake. Kinatokana na mapatano ya vitu vitatu: picha, kingo zinazoizunguka na kiti cha anayetazama. Kwa hiyo mtazamaji asipoona kina, lawama haipaswi kutwikwa macho yake kabla ya kingo kupimwa.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu katika Kiswahili umeshughulikia zaidi maudhui, wahusika, lugha na itikadi. Kiwambo chenyewe, yaani kile kitu chenye upana na kimo ambacho picha hutua juu yake, kimechukuliwa kama chombo kisicho na neno, sawa na karatasi inayobeba riwaya. Mtazamo huo unaweza kuvumilika pale filamu inapokuwa bapa. Katika filamu ya stirioskopia hauvumiliki, kwa kuwa ukingo wa kiwambo huingia moja kwa moja katika maana: unaamua kama simba yuko mbele ya mtazamaji, nyuma ya ukuta au hayupo kabisa.

Ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga ni mahali panapofaa kuulizia suala hili. Mgodi wa Geita ulizalisha dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, ukafunguliwa upya kama mgodi mkubwa wa wazi mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001 na Buzwagi, karibu na Kahama, mwaka 2009. Kandokando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, wanaoshuka katika maduara yaliyoshikiliwa na matimba, wakapandisha mawe ya kwenda kwenye karasha. Watu hawa huishi na kina kila siku. Anayeshuka duara hukisoma kina kwa mdomo wa duara lenyewe: mdomo wenye upana wa mita 1.5, ukitazamwa kutoka mita 30 chini, huwa ni duara dogo la mwanga lisilofikia nyuzi 3 za pembe ya macho. Ukingo ndio unaompa habari ya umbali aliokwenda.

Jioni baadhi ya watu hao huingia kibanda umiza. Jina hilo halifichi kitu: benchi ni jembamba, watu wamebanana na joto ni kali. Mbele, juu ya meza au rafu, ipo televisheni moja. Hapo ndipo huangaliwa mpira, filamu za Bongo Movie na filamu za nje zilizowekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, mtindo ulioenezwa na wasimulizi kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Eneo hili lina nasaba yake katika tasnia hiyo, kwani Steven Kanumba, mwigizaji aliyefariki mwaka 2012, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Filamu za Bongo Movie zilitengenezwa kwa ajili ya kioo cha televisheni tangu mwanzo. Filamu za stirioskopia zilitengenezwa kwa ajili ya kiwambo cha ukumbi. Tofauti hiyo ya makusudio ndiyo inayochunguzwa hapa. Hoja haitegemei kama Bwana Devil iliwahi kupita Katoro. Kibanda kinatumika kama kipimo cha filamu.

2.0 Misingi ya Nadharia: Picha, Ukingo na Kiti

Nadharia ya upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, inashikilia kwamba matini haikamiliki mpaka ikutane na mpokeaji. Jauss alisisitiza upeo wa matarajio ambao mpokeaji huja nao. Iser alisisitiza mapengo ambayo matini humwachia ayajaze. Wahakiki wa Kiswahili wameitumia nadharia hii hasa kwa riwaya, tamthilia na ushairi. Inapohamishiwa kwenye stirioskopia, inahitaji nyongeza moja: mpokeaji ana mwili, na mwili huo umekaa mahali fulani. Pengo analolijaza si la maana tu. Ni pengo la sentimita kati ya picha ya jicho la kushoto na picha ya jicho la kulia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Macho ya mtu mzima yametengana kwa takribani sentimita 6.5. Kama picha mbili za kitu kimoja zimewekwa kiwamboni kwa kupishana, jicho la kushoto likipewa iliyo kulia na jicho la kulia ikipewa iliyo kushoto, mistari ya macho hukutana kabla ya kufika kiwamboni na kitu huonekana mbele yake. Kila jicho likipewa picha ya upande wake, kitu huonekana nyuma ya kiwambo. Umbali wa kutokeza mbele hupatikana kwa kuzidisha umbali wa mtazamaji kwa upana wa mpishano, kisha kugawa kwa jumla ya mpishano huo na mtengano wa macho. Katika hesabu hii kiti cha mtazamaji kimo ndani ya kina. Hakuna kina cha filamu kisichotaja kiti.

Ukingo nao una kanuni yake. Katika maisha ya kawaida, kitu kinachokatwa na fremu ya dirisha huwa nyuma ya dirisha. Mkono wa mwigizaji ukitokeza mbele ya kiwambo kwa hesabu ya macho mawili, kisha ukakatwa na ukingo wa kiwambo, mtazamaji hupokea taarifa mbili zinazopingana: macho mawili yanasema mkono uko mbele, ukingo unasema uko nyuma. Mara nyingi ukingo hushinda; mkono hurudi na kubandikwa kwenye kioo, au macho huchoka. Kingo za kushoto na kulia ni korofi kuliko za juu na chini, kwa kuwa hapo jicho moja huona kipande ambacho jingine halikioni. Raymond na Nigel Spottiswoode walilifanyia suala hili nadharia mwaka 1953, na zaidi ya nusu karne baadaye filamu ya Meet the Robinsons (2007) ilitumia dirisha linaloelea, yaani vipande vyeusi vilivyowekwa pembeni mwa picha ya kila jicho ili ukingo wenyewe uonekane umesogea mbele.

Lipo pia jambo ambalo wanasaikolojia walilijua kabla ya hapo: hata picha bapa huonyesha kina zaidi ikitazamwa kwa jicho moja kupitia tundu linaloficha kingo zake. Kingo zikionekana, macho hutambua kwamba kilichopo mbele ni kipande cha karatasi. Zikifichwa, karatasi husahaulika. Hivyo ukingo ni adui wa kina na pia ni mlinzi wake, kulingana na unavyotumika.

3.0 Bwana Devil: Simba Aliyekatwa na Ukingo

Bwana Devil ilioneshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 26 Novemba 1952. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Kimarekani iliyopigwa kwa stirioskopia, kwa mfumo ulioitwa Natural Vision, na watazamaji walivaa miwani ya polaroidi. Tangazo lake liliahidi simba mapajani na mpenzi mikononi. Kisa kinatoka Tsavo mwaka 1898, simba wawili walipowashambulia wajenzi wa Reli ya Uganda mpaka John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Ngozi na mafuvu yao yaliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Filamu yenyewe ilipigwa California, ikiongozwa na Robert Stack katika nafasi ya mhandisi Bob Hayward, pamoja na Barbara Britton na Nigel Bruce.

Picha ya filamu hiyo ilikuwa na uwiano wa upana kwa kimo wa 1.37 kwa 1, yaani mstatili unaokaribia mraba. Umbo hilo lina faida na hasara. Faida ni kimo: mnyama anayeruka ana nafasi ya kupaa na kutua bila kugusa ukingo wa juu. Hasara ni kwamba kingo za pembeni ziko karibu. Simba anayemrukia mtazamaji hukua kadiri anavyokaribia, na kadiri anavyokua ndivyo mabega na miguu yake inavyogonga kingo. Ahadi ya tangazo inavunjwa na umbo la kiwambo katika sekunde ileile inayopaswa kutimizwa: simba wa mapajani ni simba mkubwa, na simba mkubwa hukatwa. Njia pekee ya kumwokoa ni kumweka katikati, mdogo, akiwa na giza pande zote. Ndiyo maana vitu vinavyotokeza vizuri katika filamu za aina hii ni vyembamba na vyenye ncha, kama mkuki, kidole au mtutu wa bunduki. Stirioskopia hupenda silaha kwa sababu ya umbo la kiwambo kabla ya sababu nyingine yoyote.

Hapa uhakiki wa umbo unakutana na uhakiki wa itikadi. Filamu inayolazimika kuweka katikati kile inachotaka kukipa kina inalazimika pia kuwasukuma wengine pembeni, na pembeni ndiko kina kinakovunjika. Katika Bwana Devil katikati ni pa mhandisi Mzungu na mkewe. Wajenzi wa reli, Wahindi na Waafrika, ndio walioliwa Tsavo, lakini wanabaki kuwa kundi la nyuma. Chanzo cha kisa kina pengo lilelile: katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson alitoa idadi ya Wahindi waliouawa, akaeleza kwamba vifo vya Waafrika havikuwekewa kumbukumbu rasmi. Filamu iliyoitwa kwa neno la Kiswahili, bwana, inatumia neno ambalo wajenzi hao walilitumia kwa msimamizi, na kuwaacha wenye kulitamka kwenye ukingo.

Inastahili kukumbukwa kwamba picha inayojulikana zaidi kutokana na Bwana Devil haimo ndani ya filamu. Ni picha bapa ya J. R. Eyerman wa jarida la Life, inayoonyesha ukumbi mzima wa watazamaji waliovaa miwani. Filamu iliyotafuta kina imekumbukwa kwa picha ya watu waliokaa kwenye viti.

4.0 Upana Dhidi ya Kina: 1952 hadi 1953

Miezi miwili kabla ya Bwana Devil, tarehe 30 Septemba 1952, New York ilioneshwa This Is Cinerama, iliyotumia projekta tatu na kiwambo kilichopinda kwa nyuzi 146. Haikuhitaji miwani. Mbinu yake ilikuwa kuzisogeza kingo mbali kiasi kwamba jicho lisizione kirahisi. Septemba 1953 ikaja The Robe katika mfumo wa CinemaScope, wenye kiwambo kipana kilichopinda kidogo, ukitangazwa kama muujiza usiohitaji miwani. Wimbi la stirioskopia la Hollywood lilipungua haraka baada ya hapo.

Historia hii husimuliwa kama ushindi wa urahisi: watu walichoka miwani. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu. Stirioskopia na kiwambo kipana yalikuwa majibu mawili kwa tatizo moja, yaani ukingo. Stirioskopia ilijaribu kuuvuka, Cinerama ilijaribu kuuficha. Jibu la pili lilikuwa na bei yake, kwa kuwa kiwambo kilichopinda humpendelea anayekaa katikati ya mpindo. Wa pembeni huona mistari iliyonyooka ikiwa imepinda. Tatizo hilo lilirudi takribani miaka 60 baadaye, televisheni zilizopinda zilipoingia sokoni. Kioo kilichopinda ni kioo cha mtu mmoja au wawili. Hakikuundwa kwa ajili ya benchi.

Mjadala wa kimo haukuisha pia. James Cameron alipotoa Avatar mwaka 2009, kumbi nyingi zenye uwezo huo ziliionyesha stirioskopia yake katika uwiano wa 1.78 kwa 1, ulio mrefu zaidi kwenda juu kuliko ule wa 2.39 kwa 1 uliozoeleka kwa filamu kubwa. Uamuzi huo unakubali jambo ambalo wapenzi wa kiwambo kipana hawakulikubali mwaka 1953: kina kinahitaji nafasi juu na chini.

5.0 Hesabu ya Kioo na Benchi

Televisheni ya inchi 32 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa takribani sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Tuseme katika ukumbi wenye kiwambo cha upana wa mita 10, simba wa Bwana Devil amepigwa kwa mpishano wa sentimita 20, sawa na asilimia 2 ya upana. Mtazamaji aliye mita 15 kutoka kiwamboni atamwona ametokeza mita 11.3, akiwa amebakiza mita 3.7 kumfikia. Hapo ahadi ya tangazo inakaribia kutimia.

Filamu hiyohiyo ikihamishiwa kwenye televisheni kwa uwiano wake wa asili, picha itachukua upana wa sentimita 55 tu, na vipande vyeusi vitabaki pembeni. Mpishano utapungua hadi takribani sentimita 1.1. Mtu aliyekaa mita 3 kutoka kwenye kioo atamwona simba ametokeza sentimita 43. Simba huyo hatoki nje ya meza iliyobeba televisheni. Hakuna ubovu wa mashine hapa wala ujinga wa mtazamaji. Ni umbo na ukubwa.

Mara nyingi, hata hivyo, picha ya zamani haiachwi na vipande vyeusi. Rimoti hubonyezwa na picha huvutwa ijaze kioo chote, kwa kuwa mteja aliyelipa kiingilio huona weusi wa pembeni kama sehemu ya kioo asiyopewa. Nyuso hunenepa kwa asilimia 30. Katika filamu bapa hayo ni mabadiliko ya sura tu. Katika stirioskopia ni mabadiliko ya kina, kwani mpishano wa picha mbili ni wa ulalo na huvutwa pamoja na nyuso: kutoka sentimita 1.1 hadi 1.4. Simba sasa hutokeza sentimita 54. Amekuwa mnene zaidi na karibu zaidi kwa wakati mmoja, bila mtengenezaji wa filamu kukusudia lolote kati ya hayo mawili.

Benchi nalo lina neno. Kwa mpishano huo wa sentimita 1.4, mtu wa benchi la mbele, mita 2 kutoka kwenye kioo, humwona simba ametokeza sentimita 36. Mtu wa benchi la nyuma, mita 6, humwona ametokeza zaidi ya mita 1. Kwa wa nyuma picha ni ndogo lakini kina chake ni kirefu, hivyo mwili wa simba huonekana umevutwa kama mpira. Aliyekaa pembeni humwona ameinama kumwelekea yeye. Watu wanne kwenye mabenchi manne wanatazama wanyama wanne. Nadharia ya upokezi imezoea kusema kwamba kila mpokeaji huunda matini yake. Katika stirioskopia kauli hiyo si sitiari. Inaweza kupimwa kwa futi kamba.

Mengine hutegemea kitu chenyewe kinachobeba picha. Kibanda chenye projekta inayorusha picha kwenye shuka jeupe au ukuta uliopakwa chokaa hakiwezi kuonyesha stirioskopia ya miwani ya polaroidi, kwa kuwa nyuso hizo huvuruga mwelekeo wa mawimbi ya mwanga na kila jicho hupata picha zote mbili. Kinahitajika kiwambo kilichopakwa rangi ya madini ya fedha au aluminiamu. Aidha, faili za stirioskopia husambazwa mara nyingi picha mbili zikiwa zimebanwa ubavu kwa ubavu ndani ya fremu moja. Faili hiyo ikichezwa kwenye televisheni ya kawaida, mtazamaji huona waigizaji wawili wembamba waliofanana, kila mmoja katika nusu yake ya kioo. Anayecheka hapo amesoma sawasawa alichopewa.

6.0 Macho ya Mchimbaji Mbele ya Mahakama ya Picha

Kwa nini hesabu hizi zina uzito? Kwa sababu kina cha picha kiliwahi kutumika kuwahukumu Waafrika, na wachimbaji walikuwa miongoni mwa waliohukumiwa. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini, baadhi ya washiriki wake wakiwa vibarua wa migodini. Aliwaonyesha michoro ya mistari yenye mwindaji, swala na tembo. Aliyesema mkuki umemwelekea swala alihesabiwa kuwa anaona kina. Aliyesema umemwelekea tembo, aliyechorwa mdogo kati ya wawili hao, alihesabiwa kuwa haoni. Katika miaka ya 1960 Jan Deregowski aliendeleza uchunguzi wa aina hiyo nchini Zambia.

Majaribio hayo yamekosolewa kwa kuwa michoro ilikosa dalili nyingi za umbali zilizomo katika mandhari halisi, kama kubadilika kwa msongamano wa majani na mawe. Uhakiki wa kingo unaongeza ukosoaji mwingine. Mshiriki alipewa karatasi yenye kingo zinazoonekana, akaitazama kwa macho mawili. Macho mawili yalimwambia kweli: karatasi ni bapa. Aliyesema tembo yuko kati ya mwindaji na swala alisema kilichokuwepo juu ya karatasi. Kuona kina hapo kulihitaji kukubali mapatano ya kupuuza ukingo, na mapatano hayo hufundishwa shuleni. Kilichopimwa kilikuwa mazoea ya mapatano, lakini kilichoandikwa kilikuwa uwezo wa kuona.

Kisa kingine kinahusu ukingo waziwazi. John Wilson alisimulia mwaka 1961, na Marshall McLuhan akakieneza mwaka 1962, jinsi wanakijiji wa Kiafrika walivyooneshwa filamu ya usafi wa mazingira, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu hawakujua kuna kuku. Walipoirudia fremu kwa fremu walimkuta, akipita kwa muda mfupi katika kona ya chini. Hitimisho lililotolewa ni kwamba wanakijiji hawakuwa wamezoea kuitazama fremu nzima. Ushahidi wenyewe unaruhusu hitimisho lililo kinyume: wanakijiji waliiona kona ambayo watengenezaji hawakuiona. Waliotazama katikati peke yake ni wale waliojua mapema katikati kuna nini.

Mchimbaji aliyepanda kutoka kwenye duara akaketi kibandani ana sababu ya kuzijali kona. Chini ya ardhi, katika mwanga wa tochi ya kichwani, hatari haikai katikati ya duara la mwanga. Iko pale mwanga unapoishia, kwenye timba lililoanza kupinda au ufa ulio juu ya bega. Jicho lililofunzwa hivyo likisema kwamba simba amekatwa na ukingo wa kioo, halijashindwa kuona kina. Limeona kosa ambalo Spottiswoode aliliandikia nadharia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili Bwana Devil kama matini ambayo kina chake hutegemea umbo la kiwambo na mahali pa kiti. Imebainika kwamba umbo linalokaribia mraba lilimpa simba kimo likamnyima mabega. Kwamba ushindani wa mwaka 1953 ulihusu namna ya kuushughulikia ukingo. Na kwamba televisheni ya kibanda, kwa kupunguza, kuvuta na kugawa mabenchi, huzalisha filamu ambayo Oboler hakuitengeneza. Imebainika pia kwamba madai ya zamani kuhusu Waafrika kutoona kina yalijengwa bila kuzihesabu kingo za picha zilizotumika kama mizani.

Tokeo hilo lina maana kwa utafiti ujao wa filamu katika Kiswahili. Anayeeleza upokezi wa filamu katika kumbi za Geita, Kahama au kwingineko hana budi kutaja, pamoja na umri, jinsia na elimu ya watazamaji, uwiano wa kioo, kama picha ilivutwa au iliachwa, na umbali wa kila benchi. Vipimo hivi havihitaji maabara. Vinahitaji futi kamba na ruhusa ya mwenye kibanda. Bila hivyo mtafiti atarudi na jibu la kuku, asijue kwamba kuku alikuwemo kwenye filamu.